Chanjo Ilipowafuata Watu

Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwisho kabisa duniani kuanza kuchanja dhidi ya UVIKO-19. Shehena ya kwanza, dozi 1,058,400 za Janssen zilizotolewa na Marekani kupitia mpango wa COVAX, ilitua Dar es Salaam Julai 24, 2021, na siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani Ikulu. Wakati huo Kenya na Rwanda zilikuwa na miezi minne na ushei tangu zianze. Mwaka 2022 ulipoingia, waliokamilisha chanjo hapa kwetu hawakufika hata watu 5 katika kila 100, na wengi nje na ndani ya nchi walikwishahitimisha kwamba Watanzania wameikataa sindano. Kisha hesabu ikageuka kwa kasi ambayo wachache waliitarajia. Kufikia miezi ya mwanzo ya 2023 zaidi ya nusu ya wananchi wote, watoto wakiwemo kwenye hesabu hiyo, walikuwa wamekamilisha chanjo, na lengo la kitaifa la kuwafikia asilimia 70 ya watu wenye miaka 18 na kuendelea lilikuwa limefikiwa. Jambo hili limepita bila kujadiliwa inavyostahili. Naliona kuwa sababu nzuri ya kutazama mlipuko ujao kwa matumaini, mradi tukubaliane kwanza ni kitu gani hasa kilichobadilika katika miezi ile, kwa sababu kitu hicho hakijajengewa msingi wa kudumu na kinaweza kutuponyoka.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba watu hawakuitaka chanjo, wakaelimishwa, wakaitaka. Siyakubali, kwa sababu hayaendani na kinachotokea kila wiki kwenye kliniki za mama na mtoto. Mama wa Kitanzania humpeleka mwanawe akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne apate chanjo ya kumkinga na dondakoo, kifaduro, pepopunda na homa ya ini. Humrudisha akiwa na miezi tisa kwa ajili ya surua na rubella, kisha tena akiwa na mwaka mmoja na nusu. Kwa miaka mingi zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wamekuwa wakikamilisha dozi zile tatu za mwanzo, kiwango ambacho nchi kadhaa zenye kipato kikubwa kuliko chetu hazikifikii. Kadi ya kliniki hutunzwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya familia, na bibi atamgombeza mkwewe akisikia tarehe imepita. Watu wa namna hiyo hawawezi kuitwa waoga wa sindano. Chanjo wanaijua, muuguzi wao wanamjua, na zahanati yao wanaijua hata kama hawaipendi foleni yake. Kilichokuja Agosti 2021 kilikuwa kitu kipya, kwa watu wazima ambao hawakuzoea kuchanjwa, kwa njia wasiyoizoea, na baada ya ukimya mrefu.

Ukimya huo hauwezi kurukwa. Mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Arusha Machi 16, 2020, na kwa wiki kadhaa serikali ilitoa taarifa, shule zikafungwa, ndoo za maji tiririka zikawekwa kila mlango wa duka. Ilipofika Mei takwimu zilikoma zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na namba hizo zikabaki vilevile kwa zaidi ya mwaka. Juni nchi ikatangazwa kuwa imeushinda ugonjwa. Januari 2021 Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, aliwatahadharisha wananchi hadharani kuhusu chanjo za kutoka nje, na siku chache baadaye Wizara ya Afya ikasema haina mpango wa kuzipokea. Mwishoni mwa mwezi huo chama cha Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kilitangaza kwamba amepata virusi hivyo. Februari 17 akafariki. Rais Samia aliapishwa Machi 19 kumrithi Magufuli, akaunda kamati ya wataalamu, nayo Mei ikapendekeza takwimu zitolewe na nchi ijiunge na COVAX. Hatua hizo zilikuwa za haraka ukizipima kwa mwendo wa serikali. Lakini kwa mwananchi wa kawaida, sauti ileile ya dola iliyomwambia ajihadhari na chanjo mwezi Januari ndiyo iliyomwambia mwezi Julai akachanjwe. Alikuwa na haki ya kusitasita. Kusubiri kwake kulikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili timamu aliyepewa maelezo mawili yanayopingana ndani ya nusu mwaka.

Utaratibu wa mwanzo nao haukumsaidia. Vituo vilivyoteuliwa vilikuwa 550 kwa nchi nzima yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 900,000. Waliotangulizwa walikuwa wahudumu wa afya, watu wenye miaka zaidi ya 50 na wenye maradhi sugu, na mtu alitakiwa kujiandikisha mtandaoni kwanza, sharti ambalo kwa mzee wa Kilosa au Nkasi mwenye simu ya kitochi ni sawa na kumwambia asije. Kichupa chenyewe cha Janssen kilikuwa na matatizo yake. Kina dozi tano. Kikishatobolewa kwa sindano ya kwanza, dozi zinazobaki zina muda wa saa sita, tena zikiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Muuguzi aliyefikiwa na mzee mmoja saa nne asubuhi alikuwa na njia mbili: akifungue kwa ajili ya huyo mmoja na huenda jioni akamwaga dozi nne ambazo atatakiwa kuzitolea maelezo, au amwombe asubiri wenzake wanne ambao pengine hawako njiani. Mzee aliyelipa bodaboda kwenda na kurudi, akaambiwa aje siku nyingine, mara nyingi hakurudi. Kwenye takwimu za wilaya hakuna safu inayomtenganisha mzee huyo na mtu aliyekataa kwa imani yake. Wote wawili wanahesabiwa kuwa hawajachanjwa, na wote wawili walisomwa kuwa wagumu wa kuelimika.

Mabadiliko yalianza na kile kilichoitwa Mpango Shirikishi na Harakishi, uliozinduliwa Septemba 2021 na kushika kasi mwaka uliofuata. Vituo vikatoka mamia vikawa maelfu. Chanjo ikatoka kwenye jengo la hospitali ya wilaya ikaenda sokoni, stendi, kwenye viwanja vya mpira, kwenye misikiti baada ya sala na makanisa baada ya ibada, na hatimaye ikabisha hodi milangoni. Aina za chanjo ziliongezeka pia. Pamoja na Janssen zikaja Sinopharm, Pfizer na Moderna. Sharti la kujiandikisha mapema likalegea, kwa kuwa mhudumu aliweza kumsajili mtu papo hapo. Nataka tumtazame mhudumu huyu kwa ukaribu, maana ripoti humtaja kwa mstari mmoja. Anatoka asubuhi na kibebeo cha chanjo begani, ndani kuna barafu na kipimajoto, daftari la usajili likiwa kwapani. Pembeni yake yupo mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mtu wa kitongoji hichohicho, anayejua nyumba ipi ina mgonjwa wa kisukari na ipi ina bibi asiyetembea. Mwenyekiti wa mtaa au balozi ametangulia kutoa taarifa. Mwenye nyumba anapouliza maswali, anajibiwa na mtu anayemjua kwa jina, ambaye kesho na keshokutwa atakuwa palepale akilaumiwa kama kuna baya limetokea. Na kile kichupa cha dozi tano kinapata watu watano ndani ya nyumba mbili.

Mwaka huohuo mambo mengine mawili yaliwazoesha Watanzania kutembelewa. Februari 2022 Malawi ilitangaza kupata kirusi cha polio, na kuanzia Machi timu zilianza kupita nyumba kwa nyumba kwenye mikoa inayopakana nayo, yaani Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, kisha nchi nzima, zikiwadondoshea watoto matone na kuwatia wino kidoleni. Agosti ikaja sensa, makarani wakabisha kila mlango na kuhesabu watu 61,741,120. Sidai kwamba sensa ilichanja mtu. Ninachosema ni kwamba katika mwaka mmoja serikali iliwafuata watu majumbani mara kadhaa, ikiwa na viongozi wa mtaa mbele, na watu walifungua milango. Ukiweka hilo pamoja na historia ya kliniki za watoto, picha inayopatikana ni ya jamii ambayo wengi wake waliikubali chanjo ilipowafikia kwa mkono wa mtu wanayemwamini, hata kama walikuwa wameiacha ipite ilipowasubiri mbali.

Majirani zetu wanatupa kipimo cha kulinganisha, ingawa ni lazima kitumike kwa uangalifu. Kenya ilianza mapema, Machi 2021, ikiwa na wataalamu hodari na vyombo vya habari vinavyotoa takwimu kila jioni. Novemba mwaka huo serikali yake iliagiza kwamba kuanzia Desemba 21 asiyechanjwa asihudumiwe kwenye ofisi za umma wala kuingia hotelini na kwenye mikusanyiko. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo. Mwisho wa yote Kenya haikufikisha theluthi ya wananchi wake wote. Burundi ilianza Oktoba 2021 na haikufika hata asilimia 1. Tofauti hizi zina sababu nyingi, kuanzia ugavi hadi siasa, na mimi sitazifunga kwenye sababu moja. Hata hivyo zinatosha kutikisa dhana mbili zilizotawala mjadala wakati ule: kwamba anayeanza mapema ndiye atakayefika mbali, na kwamba watu wakisitasita dawa yake ni kuwabana. Hapa Tanzania nako zilikuwepo sauti za kutaka wapinzani wa chanjo wakamatwe, baada ya mbunge mmoja wa Dar es Salaam ambaye pia alikuwa kiongozi wa kanisa kuhubiri dhidi ya chanjo. Hakuna dalili kwamba vitisho hivyo viliongeza foleni hata kwenye kituo kimoja. Foleni ziliongezeka miezi mingi baadaye, na kwa njia nyingine kabisa.

Msomaji makini atauliza kama takwimu hizi zenyewe zinaaminika. Serikali iliyonyamaza mwaka mzima, atasema, haipati imani yetu kwa kuanza tu kutangaza mafanikio. Isitoshe, kampeni yoyote inayopima wilaya kwa idadi ya waliochanjwa inaweka kishawishi cha kuongeza majina. Hoja hii ina uzito na haipaswi kupuuzwa kwa kisingizio cha uzalendo. Ningependa sana kuona uchunguzi wa kaya uliofanywa na taasisi huru katika mikoa mbalimbali ukilinganisha kilichoandikwa kwenye mfumo na kinachosemwa na watu wenyewe. Lakini lipo jambo linaloweka mipaka kwenye shaka hiyo. Chanjo haizaliwi kwenye daftari. Kila dozi iliingia nchini kwa ndege, ikiwa na hati za mtoaji, COVAX au nchi wahisani, ambao nao walikuwa na sababu zao za kuhesabu. Makosa na udanganyifu vinaweza kupunguza asilimia kadhaa kwenye hesabu ya mwisho, lakini haviwezi kugeuza chini ya watu 5 katika 100 kuwa zaidi ya 50. Mwelekeo ni wa kweli. Kiasi chake kamili ndicho kinachostahili kuhakikiwa, na kuhakiki kungeipa heshima kazi ya wale waliotembea.

Pingamizi zito zaidi ni la wakati. Wapo wanaosema kwamba Watanzania wengi walichanjwa mwaka 2022 wakati kirusi kilikuwa kimekwisha makali, Omicron ikiwa imepita na watu wengi wakiwa wamekwishaambukizwa na kupona, hivyo kazi yote ilikuwa ya kutafuta asilimia. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni sahihi, nayo inauma. Uchambuzi wa ofisi ya WHO ya Afrika uliotolewa Aprili 2022 ulikadiria kwamba kufikia Septemba 2021 takriban theluthi mbili ya Waafrika walikuwa wamekwishapata maambukizi, idadi iliyozidi mno wagonjwa waliotangazwa. Wimbi la Delta la katikati ya 2021 lilitukuta bila kinga, na dozi iliyofika Julai ingeokoa wengi zaidi kama ingefika Machi. Lawama ya ucheleweshaji huo haikuwa yetu peke yetu: Machi 2021 India ilizuia kusafirisha chanjo zinazotengenezwa na Serum Institute, ambazo COVAX ilizitegemea, na nchi tajiri zilikuwa zimejilimbikizia dozi nyingi kuliko idadi ya watu wao. Lakini sehemu yetu ipo na ni yetu. Hata hivyo, kusema kwamba chanjo ya 2022 haikuwa na faida ni kuruka hatua. Mgonjwa wa shinikizo la damu mwenye miaka 70 ambaye hakuwahi kuambukizwa alibaki hatarini, na kwake kinga dhidi ya ugonjwa mkali ilikuwa na thamani ileile. Na pale ambapo wahamasishaji waliahidi kwamba aliyechanjwa hataugua kabisa, walikosea: chanjo hizi zilipunguza sana ugonjwa mkali na vifo, ila uwezo wake wa kuzuia maambukizi ulififia baada ya miezi. Ahadi iliyozidi kipimo hulipwa na kampeni inayofuata.

Wengine wanaongeza kwamba Waafrika hatukufa kama Wazungu, kwa hiyo hofu yote ilikuwa ya kuagizwa. Ni kweli kwamba umri ulitusaidia: karibu nusu ya Watanzania hawajafikisha miaka 18, na ugonjwa huu uliwaandama zaidi wazee. Lakini kipimo chetu cha vifo kilikuwa kibovu kiasi kwamba hatuna haki ya kujigamba nacho. Hadi hesabu zilipofungwa, Tanzania ilikuwa imeripoti wagonjwa wapatao elfu 43 na vifo zaidi kidogo ya 800 tangu mwanzo wa janga. Duniani kote WHO ilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9 kwa miaka 2020 na 2021, wakati vilivyotangazwa vilikuwa milioni 5.4 tu. Nchi ambayo mtu anaweza kufia nyumbani, akazikwa siku hiyohiyo, na sababu ya kifo isiandikwe popote, haiwezi kujua kwa uhakika ni wangapi iliowapoteza. Familia zinajua. Wahenga walikwishasema neno lao juu ya mficha maradhi.

Kuhusu usalama, nadhani ukweli wote unasaidia kuliko nusu yake. Mei 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilibana matumizi ya chanjo ya Janssen kwa sababu ya tatizo adimu la damu kuganda: watu 60 walithibitika kulipata, 9 kati yao wakafariki, katika dozi zaidi ya milioni 18 zilizotolewa nchini humo. Hiyo ndiyo chanjo iliyobeba sehemu kubwa ya kampeni yetu. Mwananchi ana haki ya kuelezwa kwamba hatari hiyo ipo, kwamba ni ndogo mno ikilinganishwa na hatari ya ugonjwa kwa mtu mzima asiye na kinga, na kwamba kwa nchi ya vijijini yenye barabara mbovu na umeme wa kukatikakatika, chanjo ya dozi moja inayohifadhiwa kwenye friji ya kawaida ilikuwa na faida ambayo Pfizer, iliyohitaji majokofu ya nyuzi 70 chini ya sifuri, haikuwa nayo. Anayesikia haya kutoka kwa muuguzi wake hatashangazwa na sauti ya kutisha inayozunguka WhatsApp mwaka mmoja baadaye.

Je, tumebadilika? Kagera inatoa jibu lenye pande mbili. Machi 2023 watu walipoanza kufa kwa ugonjwa usiojulikana Bukoba Vijijini, Wizara ya Afya ilitoa taarifa ndani ya siku chache, na Machi 21 ikatangaza kwamba ni Marburg. Wagonjwa walikuwa 9, waliofariki 6, na Juni 2 mlipuko ukatangazwa kuisha. Hakuna chanjo ya Marburg iliyoidhinishwa. Kilichouzima ni kufuatilia waliokaribiana na wagonjwa, kuwatenga, na wananchi kukubali maziko yanayosimamiwa. Januari 2025 ugonjwa ukaibuka tena, safari hii Biharamulo. WHO ilieleza Januari 14 kwamba kuna washukiwa, wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuwa na virusi hivyo, na Januari 20 Rais, akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa WHO Dodoma, akathibitisha kuwa mgonjwa amepatikana. Ilipofika Machi 13 mlipuko huo nao ulikuwa umetangazwa kuisha, ukiwa umeua watu 10. Siku zile sita za kati zinanisumbua. Inawezekana sampuli za kwanza zilikuwa safi kweli, hilo hutokea. Lakini namna ya kusema "tunaendelea kupima" badala ya kukanusha ilikuwepo, na haikutumika. Wakati huohuo, tukipima kwa miaka, mwendo ni wa kwenda mbele: mwaka 2020 ukimya ulidumu zaidi ya mwaka, 2025 ulidumu chini ya wiki. Na Machi 10, 2025 wizara ilitangaza yenyewe wagonjwa wawili wa mpox, mmoja wao dereva wa gari la mizigo, bila kusubiri kusukumwa.

Dalili nyingine njema ni kwamba njia zilizofunguliwa 2022 hazikuota majani mara moja. Aprili 2024 nchi ilihamia kwenye dozi moja ya chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, ikilenga zaidi ya milioni 4, kwa kupitia shule na kwa kuwafuata walio nje ya shule. Hiyo ni kinga dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa kuua wanawake wetu. Uvumi ulikuwepo, ule wa kwamba inafunga uzazi, lakini ulikutana na walimu na wahudumu waliokwishazoea kuujibu.

Wasiwasi wangu unaanza kwenye fedha. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliipa Tanzania mkopo wa dola milioni 567.25, zile shilingi trilioni 1.3 za mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19. Zilijenga madarasa 15,000 na watoto wanayasomea. Sina ugomvi na madarasa. Lakini darasa linabaki likisimama, wakati mtandao wa watu waliobeba vibebeo ulilipwa kwa posho za kampeni, nyingi zikitoka kwa wahisani, na posho huisha. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje na mwaka huohuo ikalifunga shirika lake la USAID, lililokuwa mmoja wa wafadhili wakubwa wa afya hapa nchini. Juni ikatangaza kuacha kuichangia Gavi, ambayo husaidia kununua chanjo za watoto wetu. Uzalishaji wa ndani ya bara nao ungali mchanga: Afrika bado inaagiza takriban asilimia 99 ya chanjo zake, na kiwanda cha Aspen cha Afrika Kusini, kilichopata leseni ya kutengeneza chanjo ileile ya Janssen, ya kampuni ya Johnson & Johnson kwa jina la Aspenovax, kilikaa mwaka 2022 kikisubiri oda ambazo hazikuja. Serikali za Afrika zilizolia kunyimwa chanjo hazikuinunua iliyotengenezwa nyumbani. Ikitokea dharura mpya, hatuna sababu ya kudhani tutatangulizwa kwenye foleni.

Upo mpango wa kujibu sehemu ya wasiwasi huu. Januari 31, 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwa na zaidi ya wahudumu 137,000 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, waliopewa mafunzo na wanaolipwa. Nauona kuwa muhimu kuliko jengo lolote lililojengwa kwa jina la UVIKO. Wahudumu hao wakiwa kazini siku za kawaida, wakipima utapiamlo, wakiwakumbusha kina mama tarehe za kliniki na kuwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu, basi siku chanjo mpya itakapotua uwanja wa ndege hatutahitaji miezi mingi kuwatafuta watu wa kuibeba. Mpango uliopigiwa hesabu wakati wahisani wapo unatakiwa upigiwe upya sasa wakati wanaondoka, na swali la kwanza kwa kila halmashauri ni kama posho ya wahudumu wake imo kwenye makusanyo yake yenyewe au bado inasubiri mfadhili. Madiwani wanaweza kuliuliza katika vikao vya bajeti kuanzia kata hadi wilaya, na wabunge wakaliuliza Dodoma kwa majina ya vijiji vyao.

Jambo la pili halihitaji fedha nyingi. Wizara inazo taarifa za kila wiki za magonjwa yanayotolewa taarifa, pamoja na idadi ya watoto waliochanjwa, kutoka kila wilaya. Zitolewe hadharani kila wiki kwa Kiswahili, wilaya kwa wilaya, zikiwa nzuri au mbaya, hata katika wiki ambayo hakuna mlipuko wowote, ili mkazi wa Ngara au Tandahimba aweze kuona surua inapoanza kupanda kwao kabla haijafika shuleni kwa mwanawe.